Miaka Ishirini na Mitano ya Kulamba Kitambaa

Leo Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, Bi. Mwantum Habibu, Msimamizi Mkuu wa Idara ya Usafishaji na Utiaji Rangi, anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Nguo Nyanda za Kati kwa miaka ishirini na mitano, miezi miwili na siku ishirini na nane. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara mbili tu. Mara ya kwanza alikuwa akijifungua kitindamimba wake. Mara ya pili basi la Kondoa liliharibika njiani, naye akaja na barua iliyotiwa saini na dereva, utingo na abiria wanne.

Bi. Mwantum alizaliwa Busi, wilayani Kondoa, mwaka 1943. Aliajiriwa tarehe 2 Aprili 1973 akiwa mfuaji wa kawaida katika idara ambayo wafanyakazi huiita Mtoni, kwa sababu ndiyo mto pekee wa Dodoma wenye maji mwezi wa Oktoba. Mwaka 1978 alipandishwa cheo kuwa kiongozi wa zamu, na mwaka 1985 akawa Msimamizi Mkuu. Hakuomba cheo hata kimoja kati ya hivyo. Kila mara aliitwa ofisini, akapewa barua, akauliza kama amemaliza kuitwa, kisha akarudi Mtoni kwa sababu kulikuwa na kitambaa majini.

Kwa wageni waliofika leo ambao hawaijui kazi ya idara hiyo, maelezo mafupi yanafaa. Kitambaa kinapotoka kwa wafumaji huwa kigumu na cha rangi ya majivu. Ugumu huo ni wa makusudi: nyuzi hupakwa uji wa wanga ili zisikatike katika mitambo ya kufumia. Kitambaa hicho hakiwezi kunywa rangi, kama vile mtu aliyepakwa lami asivyoweza kuoga. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Mtoni ni kuuondoa uji huo kwa dawa maalumu. Kisha kitambaa huchemshwa katika kostiki, yaani soda kali, ili mafuta na uchafu wa pamba utoke. Husuuzwa, hupaushwa, husuuzwa tena, na ndipo hutiwa rangi. Hatua moja ikirukwa, kosa huonekana mwishoni, mbele ya mteja, likiwa limekwisha kushonwa suruali.

Ni katika kusuuza ndipo Bi. Mwantum alipojipatia sifa. Soda ikibaki kitambaani huharibu rangi na huwasha ngozi. Zamani kulikuwa na vikaratasi vya kupimia, lakini viliisha mwaka ule ule wa 1973, na barua za kuviomba vingine hazikujibiwa. Bi. Mwantum hakusubiri majibu. Alishika pindo la kitambaa, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akasimama kidogo akitazama juu, kisha akasema neno moja kati ya mawili: “Bado” au “Tayari.” Kitambaa chenye soda huteleza ulimini na huwa kichungu. Kitambaa kilichozidishiwa dawa ya kuua soda huwa kichachu. Kitambaa kisicho na ladha yoyote ndicho kilicho tayari. Tangu mwaka huo hadi leo hajakosea, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya vikaratasi.

Uongozi haukupendezwa. Mwaka 1984 ulitolewa Waraka wa Usalama Namba 7, uliosema: “Ni marufuku kwa mfanyakazi yeyote kulamba, kunyonya au kutafuna bidhaa za kiwanda.” Wafanyakazi wote walitakiwa kutia saini kwamba wameusoma. Bi. Mwantum aliusoma mpaka mwisho, akatia saini, kisha akaugusa pembeni kwa ulimi na kuurudisha kwa karani akisema, “Hii karatasi nayo haikusuuzwa vizuri.” Aliendelea kulamba, lakini kwa heshima ya waraka aligeuka ukutani kila alipofanya hivyo. Tabia hiyo haikubaki kiwandani. Mwaka 1987, katika harusi ya binti yake Ikram, mama wa bibi harusi alionekana na ukumbi mzima akilionja pindo la shela. Alisikika akimwambia jirani yake kwamba limepitishwa majini haraka.

Wasifu huu hautakuwa kamili bila habari za Novemba 1993, ambazo wafanyakazi wapya husimuliwa vibaya. Zinaandikwa hapa jinsi zilivyotokea.

Mwaka ule hali ilikuwa mbaya. Mitumba ilikuwa imejaa masokoni, na vitambaa kutoka nje viliuzwa kila kona. Uongozi mpya, ulioletwa kukitayarisha kiwanda kwa ubinafsishaji, ulikuwa unatafuta cha kupunguza. Bw. Wambura, aliyekuwa Meneja Uzalishaji, alitangaza mwezi Oktoba kwamba Mtoni inakula maji, mafuta na dawa kuliko idara nyingine yoyote. Alikuwa na shehena moja mkononi ya kuthibitisha kwamba yote hayo yanapotea bure: kitambaa cha sare za shule, rangi ya bluu, kilichorudishwa na mfanyabiashara Bw. Bashiri wa Kondoa kwa sababu kilikuwa na mabaka. Bw. Bashiri aliandika kwamba aliagiza sare, akaletewa ramani ya dunia.

Sababu ya mabaka ilijulikana. Dawa ya kuondoa uji ilikuwa imeisha, na nyingine ilikuwa imekwama bandarini. Wafuaji walijaribu kuuondoa uji kwa maji ya moto peke yake, na maji ya Dodoma, ambayo hata sabuni hukataa kutoa povu ndani yake, hayakuweza. Bw. Bashiri alikubali kutazama sampuli moja ya mwisho ya mita elfu mbili, siku ya Jumatatu tarehe 15 Novemba. Akiridhika, angechukua mita elfu thelathini. Asiporidhika, Mtoni ingefungwa mwisho wa mwaka, kiwanda kiuze kitambaa kibichi, kama kilivyotoka kwa wafumaji, na wafanyakazi sitini na wawili warudi makwao.

Siku kumi kabla ya tarehe hiyo Bi. Mwantum alikuwa nyumbani kwake akimlisha mjukuu uji. Uji ulikuwa mzito, kijiko kikisimama wima. Ikram, kama alivyofundishwa na wauguzi kliniki, alitia ndani unga kidogo wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikaanikwa na kusagwa. Baada ya muda mfupi uji ulilegea ukawa kama maji, kijiko kikaanguka. Kila mama wa Dodoma amekwisha kuliona jambo hilo. Bi. Mwantum alikitazama kijiko kilichoanguka, akamtazama mjukuu, akasimama na kuondoka na bakuli. Mtoto alilia. Ikram alilazimika kupika uji mwingine.

Kesho yake alikichovya kipande cha kitambaa kibichi katika maji ya kimea, maji yenye joto la kuunguza kidole lakini yasiyochemka, kwa maana kimea kikichemshwa hufa. Baadaye alikidondoshea iodini kutoka katika sanduku la huduma ya kwanza. Palipo na wanga, iodini hugeuka nyeusi. Haikugeuka. Aliyajaribu hayo mara kumi na saba. Ofisi ya Utumishi iliandika katika taarifa ya mwezi kwamba idadi ya majeruhi Mtoni inatisha.

Kilichobaki ni kukipata kimea kwa wingi. Kimea kingi hupatikana kwa wapika pombe, na Bi. Mwantum ni Mwislamu ambaye hajawahi kuonja pombe wala kukaa nayo chumba kimoja. Hata hivyo alikwenda mtaa wa Kikuyu kwa Bi. Yudith, mpishi mashuhuri wa pombe ya uwele, akiwa amejitanda khanga hadi machoni ili asitambulike. Alitambuliwa kabla hajafika mlangoni.

“Mama Ikram!” aliita Bi. Yudith, majirani wote wakisikia. “Leo na wewe umeanza?”

“Si yangu. Ni ya kitambaa.”

“Haya. Mume wangu naye husema ni ya mgeni. Magunia mangapi?”

Yalikuwa mawili. Bw. Yoramu, mlinzi wa lango, aliyaingiza katika kitabu chake hivi: “Kimea cha pombe, magunia mawili. Mwenye mzigo: Bi. Mwantum. Matumizi: amesema nisubiri nitaona.”

Ijumaa mchana kitambaa kilizamishwa katika tangi la saruji pamoja na kimea. Bi. Mwantum alikuwa amepata habari za msiba Busi, akapewa ruhusa ya kusafiri jioni ile ile na kurudi Jumatatu. Alimwachia maagizo Bw. Silvano, fundi wake wa kwanza: tangi lifunguliwe Jumamosi saa mbili asubuhi, maji yote yamwagwe, kitambaa kisuuzwe. Bw. Silvano aliyarudia maagizo hayo mara mbili, neno kwa neno.

Bw. Silvano ni mtu mwaminifu, lakini amezaliwa na kulelewa katika nyumba ya wapika pombe. Jumamosi saa mbili alifika, akafunua tangi, akaona mapovu ya kwanza yakianza kupanda pembeni. Mkono ulikuwa tayari kwenye koki. Kama alivyojieleza baadaye mbele ya kamati ya nidhamu ya kiwanda, mkono ulikataa. “Waheshimiwa,” alisema, “ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuamka. Mtu unaimwagaje?” Badala ya kuimwaga aliifunika vizuri kwa magunia ili isipate baridi. Jumapili baada ya ibada alipita kuijulia hali. Kamati haikuweza kuthibitisha kama aliionja. Inajulikana tu kwamba kikombe chake cha chai kilipotea siku hiyo, na kikapatikana Jumanne ndani ya bomba la kutolea maji machafu.

Jumatatu asubuhi harufu ilianzia langoni. Wafumaji wa zamu ya kwanza waliimba. Wafanyakazi watatu waliokuwa likizo ya ugonjwa walifika kazini wakiwa wazima. Bw. Wambura, ambaye ni Msabato na hanywi hata chai ya rangi, aliifuata harufu huku leso ikiwa puani mpaka akalifikia tangi, akalikuta linachemka bila moto na povu likishuka ukutani. Kitabu cha lango kililetwa, kikasomwa. Nusu saa baadaye ilikuwa tayari barua ya kumtuhumu Bi. Mwantum kwa “kutengeneza kilevi ndani ya eneo la kiwanda kwa kutumia mali ya kiwanda.” Barua hiyo ilipigwa chapa kwa usafi mkubwa, aya zote zikiwa sawasawa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba haikuwa kweli.

Bi. Mwantum alifika moja kwa moja kutoka kituo cha mabasi, mkoba ungali begani. Bw. Wambura alimkabidhi barua mwenyewe.

“Bibi, unatakiwa ujieleze kwa maandishi kabla ya saa sita.”

Aliisoma yote. Wanaokumbuka wanasema aliirudia tangu mwanzo, na si ajabu: mwanamke aliyetoka matangani, mwenye jina safi Busi nzima, alikuwa ameandikwa mpika pombe. Kisha aliikunja, akaiweka ndani ya mkoba. “Mwanangu Wambura, barua itanisubiri mpaka kesho. Kitambaa hiki kikilala siku nyingine kitaota ukungu.” Akageuka. “Silvano!”

“Naam, mama.”

“Nilikwambia nini?”

“Nimwage, mama.”

“Ukafanya nini?”

Bw. Silvano alitazama chini. “Nilifunika, mama.”

“Mwaga sasa.”

Ikamwagwa. Imeandikwa katika kumbukumbu za ulinzi kwamba wanaume sita walivua kofia.

Bw. Bashiri alifika saa nne, maji yale yangali yanapita mtaroni. Alisimama mlangoni, kanzu akaishika juu. “Assalaam alaykum, dada Mwantum. Hapa ni kiwandani au kilabuni?”

“Waalaykumu salaam, kaka. Ni kiwandani. Karibu ukae.”

“Nikae? Mimi sare hizi nawauzia watoto wanaotoka shule wakaingia madrasa. Niwavishe kitu kilicholala ndani ya pombe? Kondoa nitarudi na uso gani?”

“Umekiona kikitoka kwenye uchafu. Nakuomba ukione na kikishafuliwa. Kinachemshwa katika kostiki mpaka alasiri, kinasuuzwa maji saba. Hata kama kingekuwa na dhambi, ingetoka.”

Bw. Bashiri hakucheka. Alisema angekaa mpaka saa kumi, na kwamba chai hatainywa, kwa sababu hakuwa na hakika na birika.

Kuanzia hapo Mtoni hakikusikika kitu ila mitambo. Iodini ilidondoshwa: ikabaki na rangi yake ya kahawia, maana yake wanga umekwisha. Kitambaa kilichemshwa, kikapaushwa, kikasuuzwa maji ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Saa kumi kasoro robo kilining'inia juu ya rola, cheupe cha kutosha kuwapa watu matumaini. Wafanyakazi wote sitini na wawili walikuwa wamesogea, na nyuma yao Bw. Wambura akiwa na leso yake.

Bw. Bashiri alikikaribia na kukinusa. “Harufu sisikii,” alisema. “Lakini harufu ni jambo moja. Nitajuaje kama hakikubaki kitu ndani?”

Bi. Mwantum alisogea kwenye rola. Safari hii hakugeukia ukutani. Mbele ya Bw. Wambura, Waraka Namba 7 ukiwa ungali na nguvu, mbele ya Mwislamu mwenzake wa Kondoa, alishika pindo la kitambaa kilichokuwa kimelala ndani ya pombe na kuligusa kwa ulimi. Alitazama juu. Watu sitini na wawili walitazama juu pamoja naye.

“Bado,” alisema.

Bw. Silvano alishika kichwa. Bw. Wambura alisema kwa sauti ndogo kwamba mteja anaondoka saa kumi. “Basi aondoke,” alijibu Bi. Mwantum. “Kina soda. Kitawawasha watoto. Rudisha majini.”

Kikarudishwa. Bw. Bashiri alitoa saa yake mfukoni, akaitazama, akairudisha. Alibaki amesimama. Baada ya maji ya nane na ya tisa kitambaa kilipandishwa tena, na Bi. Mwantum akakilamba tena. Alitazama juu kwa muda ambao Bw. Yoramu, aliyekuwa ameacha lango wazi ili aje kuona, aliukadiria kuwa robo saa. Ulikuwa labda sekunde tano.

“Tayari.”

Bw. Bashiri alisogea mbele. Kisha akalishika pindo lile lile, akasema bismillahi, akalilamba. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu gizani.

“Hakina kitu,” alisema hatimaye.

“Ndivyo kinavyotakiwa kuwa.”

“Ungesema tayari tangu mara ya kwanza, nisingejua.”

“Ningejua mimi.”

“Basi tia rangi,” alisema Bw. Bashiri. “Na chai nitakunywa.”

Mita elfu thelathini zilitoka kabla ya shule kufunguliwa Januari, bila baka hata moja, na maji yote ya kimea yaliyotumika yalimwagwa kwa wakati, Bi. Mwantum mwenyewe akiwa kwenye koki. Mtoni haikufungwa. Dawa kutoka bandarini iliwasili mwezi Februari, na Bi. Yudith wa Kikuyu alilalamika kwamba amempoteza mteja wake bora ambaye hakuwahi kufanya fujo. Barua ya tuhuma iliondolewa rasmi jaladani. Bw. Wambura alimwomba Bi. Mwantum radhi mbele ya zamu nzima, na inampasa kila mwenye cheo akumbuke kwamba alifanya hivyo kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wafumaji. Ofisi ya Utumishi, iliyoiandika barua ile bila kwanza kuuliza swali hata moja, haikuomba radhi wakati ule. Inaomba leo.

Mwezi huo huo Waraka wa Usalama Namba 7 ulirekebishwa. Baada ya maneno “kulamba, kunyonya au kutafuna bidhaa za kiwanda” yaliongezwa maneno haya: “isipokuwa Bi. Mwantum Habibu, awapo kazini.”

Tangu wakati huo amefundisha wafuaji arobaini na watatu. Wamiliki wapya walipokuja mwaka 1996 walileta vikaratasi vya kupimia, maboksi kumi na mawili. Bi. Mwantum alivipokea kwa shukrani, akavipima kwa ulimi wake mwezi mzima, akaandika kwamba vinafaa.

Nafasi yake inachukuliwa na Bw. Silvano. Uteuzi huo ulizua maneno, lakini Bi. Mwantum alimpendekeza mwenyewe, akieleza kwamba mtu aliyewahi kukosea mbele ya kiwanda kizima hatarudia, na kwamba tangu siku ile hajawahi kuchelewa kufungua koki. Wiki iliyopita Bw. Silvano aliomba kufanya kazi moja peke yake, bila kusimamiwa. Ametayarisha shuka nyeupe mbili za pamba, kuanzia kuondoa uji hadi kunyoosha, na hizo ndizo zawadi ambazo wafanyakazi wote wanamkabidhi Bi. Mwantum leo. Hajalala vizuri tangu Ijumaa.

Wageni waalikwa wanaombwa wasishangae kitakachofuata baada ya makabidhiano. Ruhusa iliyotolewa na Waraka Namba 7 inakoma mwisho wa zamu ya leo, saa tisa na nusu alasiri, na ratiba imepangwa ili zawadi itolewe saa tisa kamili. Ikiwa neno litakuwa “Bado,” chakula kitasubiri, nasi sote tutashuka Mtoni pamoja na shuka hizo.

Bi. Mwantum, kwa watu sitini na wawili uliowaokoa, kwa watoto waliovaa sare zisizowasha, na kwa kila kitambaa ulichokirudisha majini wakati wengine walitaka kwenda nyumbani, tunakushukuru. Nenda Busi salama, ukae na Ikram na wajukuu, na uji wa mtoto sasa umalize kumlisha. Tunakuombea afya, utulivu na mvua za kutosha.

Na sasa, kwa heshima kubwa, tunasubiri neno lako.